Nilibonyeza "Allow" Nikiwa Soweto

Jumatatu moja ya muhula uliopita, baada ya kipindi cha saikolojia ya elimu, kozimeti wangu mmoja alinisubiri mlangoni. Wenzetu walipokwisha kupita akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, mama anaendeleaje?"

Nikamjibu, "Mzima tu." Nikatembea kama hatua kumi hivi, ndipo moyo ukanipiga paa. Mama yangu anaishi Tukuyu, na hapa chuoni sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba anaumwa. Mwenyewe alinikataza: "Mwanangu, hii iishie kwako na kwangu." Alinitumia picha za karatasi za hospitali WhatsApp ili nimsomee, maana zilikuwa zimeandikwa Kiingereza. Zilisema ana uvimbe kwenye titi, kipimo kimechukuliwa na majibu yanasubiriwa. Hata baba mdogo anayenilipia ada alikuwa hajaambiwa.

Nikarudi kumuuliza yule kaka amejuaje. Aliona aibu kuliko mimi. "Nilikwenda kuprinti asaimenti pale stesheneri. Picha zilikuwa wazi kwenye kompyuta. Niliona jina lenu la ukoo, halafu picha yako ikafuata."

Hapo ndipo nikakumbuka. Wiki iliyotangulia, umeme ulikatika huku Soweto tangu alfajiri. Tunaokaa mageto ya upande huu tunajua siku za namna hiyo zilivyo: kila mwenye simu anamtafuta mwenye jenereta. Mimi nilikuwa na chaji asilimia 4, na mama alikuwa amesema angepiga saa sita kutoka hospitali. Nikaenda stesheneri moja iliyokuwa na jenereta. Soketi zote zimejaa, eksitensheni nayo imejaa. Kaka wa pale akaniambia, "Chomeka hapo kwenye kompyuta, itapata hata kidogo."

Nikachomeka. Simu ikaleta kidirisha kinachouliza kama naruhusu kompyuta iingie kwenye data za simu. Sikukisoma. Nilikuwa nataka kitoke mbele yangu niangalie kama mama ameandika, nikabonyeza "Allow", basi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba swali lile lilikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza ndilo somo ninalosomea kwenda kufundisha. Ufahamu ndio mada ya kwanza nitakayowasimamia watoto wa watu.

Nilipokwenda kumuuliza yule kaka wa stesheneri, nilikwenda na hasira. Zilinitoka alipofungua folda. Hakuwa ameiba kitu. Wateja wake wengi huleta simu kutoa picha za paspoti, hivyo aliitegesha ile kompyuta ivute picha yenyewe kila simu inapochomekwa na kuruhusiwa. Picha zangu zaidi ya 900 zilikuwa pale: vyeti vyangu, kitambulisho changu cha taifa, karatasi za mama. Tukazifuta pamoja, tukafuta na zile zilizobaki kwenye kapu la taka la kompyuta. Akaniomba msamaha, nami nikamwomba. Ila waliokwisha kuziona, wameshaziona.

Tangu siku ile nimejifunza jambo ambalo nilipaswa kulijua zamani. Waya wa kawaida wa USB tunaochajia una kazi mbili. Ndani yake kuna nyaya za umeme na nyaya za data. Ukiuchomeka kwenye kichwa cha chaji ukutani, kichwa hakina faili wala programu ya kuvuta picha zako, kwa hiyo unapata umeme tu. Ukiuchomeka kwenye kompyuta, unaunganisha mashine mbili zinazoweza kuzungumza. Simu za Android, tangu toleo la 6 la mwaka 2015, zimetengenezwa zichaji tu mpaka mwenyewe uruhusu zaidi. iPhone nayo huuliza kama unaiamini kompyuta hiyo. Maana yake simu yangu ilinilinda mpaka dakika ya mwisho. Mlango niliufungua mimi.

Mageto yetu yana hofu nyingi kuhusu jambo hili, na nyingine zinaelekea pasipo na hatari. Wengi husema kompyuta "inaua betri". Siyo kweli. Tundu la kawaida la USB hutoa volti 5 na ampea 0.5, yaani wati 2.5. Yale ya USB 3.0, ambayo mara nyingi huwa ya bluu ndani, hutoa ampea 0.9, sawa na wati 4.5. Huo ni umeme mdogo, na simu yenyewe ndiyo inayopima inavuta kiasi gani. Hasara yake ni muda: betri ya mAh 5,000 kwenye wati 2.5 itakula zaidi ya saa saba, tena hapo hujaishika simu. Na kama laptopu yako haijachomekwa kwenye umeme, unahamisha tu njaa kutoka sahani moja kwenda nyingine.

Wengine wanaogopa wadukuzi wa viwanja vya ndege. Hofu hiyo ina historia. Mwaka 2011, kwenye mkutano wa DEF CON kule Las Vegas, wataalamu waliweka kibanda cha kuchajia simu ili kuwaonyesha watu kwamba data inaweza kuibwa kwa njia hiyo. Aprili 2023, ofisi ya FBI ya Denver ikaonya watu waepuke vituo vya kuchajia vya umma. Onyo ni zuri. Lakini mimi sikudukuliwa na mtu. Kilichoniponza ni haraka yangu na kompyuta iliyotegeshwa kwa nia njema. Kwa sisi wa stesheneri na maabara za kompyuta, nadhani hatari iliyo karibu zaidi ni hiyo.

Kwa hiyo ninachofanya sasa ni hiki. Natembea na kichwa changu cha chaji, ili soketi ikipatikana nisihitaji kompyuta ya mtu. Ikibidi kompyuta, nafunga simu kwa nywila kwanza, ndipo nachomeka, na siifungui mpaka nichomoe. Kidirisha kikija, nakataa, au nachagua kuchaji tu. Nikitaka kuprinti, natuma faili moja ninalolihitaji, siikabidhi simu nzima. Na wewe mwenye laptopu, rafiki akikuomba achaji kwako, mkumbushe akatae. Siyo kwamba humwamini.

Siku ile ile jioni nilimpigia mama nikamweleza. Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha. Halafu akauliza, "Huyo kijana aliyeona, ni mtu mwenye adabu?" Nikasema ndiyo, alikuwa akikujulia hali. "Basi mwambie naendelea vizuri. Ila baba yako mdogo nitamwambia mwenyewe, asije akasikia huko kwenye kompyuta." Alimwambia Jumapili iliyofuata. Majibu yalipotoka, baba mdogo ndiye aliyempeleka hospitali kuyachukua. Haikuwa saratani, Mungu ni mwema.

Nilipoombwa kuandika kwenye jarida hili, nilimpigia tena mama kumwomba ruhusa ya kusimulia haya. Hakunijibu pale pale. Aliniuliza nani watasoma, na kama nitaandika jina lake. Alifikiri siku mbili, ndipo akasema andika.