Njoro: Pale Mtandao Unapogonga Ukuta

Ukipata nafasi Jumamosi moja, msomaji, shuka Nakuru na upande matatu ya Njoro. Keti upande wa kulia, uione Menengai ikikusindikiza. Hutaenda mbali kabla gari halijaiacha barabara kuu ya Eldoret na kushika kushoto, kuelekea milima ya Mau. Hapo fungua dirisha kidogo. Joto la mji limekwisha. Njoro imepanda zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ngano hutanda kando ya barabara kama jamvi.

Ngata utaonyeshwa njia ya kuingia kwenye kasri la Bwana Maurice Egerton, Mwingereza aliyelijenga kati ya 1938 na 1954. Masimulizi ya mwanamke aliyelikataa kasri hilo na mwenyewe utayasikia pale pale, na kila msimulizi ana yake. Leo tunapita. Linalotupeleka mbele ni jambo jingine alilolianzisha bwana huyo: shule ya kilimo ya mwaka 1939, iliyokua ikawa chuo, na mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Ni kama kilomita 25 kutoka Nakuru.

Tembea ndani taratibu. Miti ni mikubwa, nyasi zinang'aa, ng'ombe wa chuo wanakutazama bila haraka. Kisha uyatazame mabweni. Mzazi wa zamani aliyempeleka mtoto chuoni aliuliza maswali matatu: kuna maji? kuna blanketi? chakula ni cha namna gani? Mzazi wa leo huongeza la nne: je, mtandao unafika chumbani?

Usilicheke swali hilo. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu huombwa kwa intaneti. Masomo ya muhula husajiliwa huko huko, na matokeo husomwa huko. Machi 2020, Korona ilipofunga vyuo vyote nchini, mihadhara nayo ikahamia kwenye simu na kompyuta. Mwanafunzi asiyeupata mtandao chumbani ana njia mbili: anunue bando kwa fedha za sukari na sabuni, au ajifunge shuka saa nne za usiku na kwenda kusimama chini ya dirisha la jengo linaloushika. Kwa baridi ya Njoro! Na kwa binti, giza nalo lina mambo yake.

Ajabu ni kwamba mtandao wenyewe umetoka mbali. Mwaka 2009 kebo ya TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, ikiwa imelala chini ya bahari kwa takriban kilomita 5,000. Mwaka huo huo SEACOM nayo ilifika. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, ghali na ya kujikokota. Kutoka pwani, nyuzi za kioo hupanda bara, na KENET, mtandao unaoviunganisha vyuo vyetu, huufikisha mzigo hadi chuoni. Safari yote hiyo, msomaji, halafu inakwama kwenye ukuta wa bweni, hatua tatu kabla ya kitanda!

Sababu yake si uchawi. Mabweni mengi ya zamani katika vyuo vyetu yana kuta nene za mawe, vyumba huku na huku, na korido ndefu katikati. Fundi, kwa kubana matumizi, hutundika visambazaji vya waifai kwenye dari ya korido. Ni sawa na kutundika karabai barazani ukitumaini watu wasome vyumbani milango ikiwa imefungwa. Mawimbi hukimbia vizuri koridoni, mahali ambapo hapana anayesoma, na hudhoofika yakipita mawe, mlango wa chuma na vitanda vya deka. Mbaya zaidi, visambazaji vya korido moja vinaonana. Katika masafa ya kawaida kuna njia tatu tu zisizogongana, kwa hiyo cha nne humkatiza wa kwanza maneno.

Ukikiongezea nguvu je? Hapo ndipo wengi hupotea. Kisambazaji kitapiga kelele hadi simu iliyo chumbani isikie na kuonyesha alama zote. Lakini simu ni ndogo, hunong'ona tu, na mnong'ono wake haurudi hadi koridoni. Mwanafunzi anaona mtandao umejaa, na ukurasa haufunguki.

Dawa iliyotumiwa na vyuo vingi vya Marekani ni kuiacha karabai na kumpa kila mmoja koroboi yake: kisambazaji kidogo, cha sauti ya chini, kwenye ukuta wa kila chumba au kila vyumba viwili. Ukuta uliokuwa adui sasa huzuia kelele za jirani. Umeme hukifikia kupitia waya ule ule wa mtandao, mradi usizidi mita 100 kutoka kwenye swichi.

Mimi naiunga mkono, ingawa si rahisi. Waya ni nyingi. Vifaa vikiwa vimesambaa vyumbani, vipo vitakavyong'olewa. Stima ikipotea, swichi isiyo na betri huzima ghorofa nzima. Na fundi wa kiume hawezi kuingia bweni la wasichana apendavyo. Lazima awepo mlezi, funguo na ratiba. Kwa vyumba viwili kushiriki kifaa kimoja, gharama hupungua. Ningeanza hapo.

Ukitoka, pitia kijiji cha Njokerio, nje tu ya chuo, walikopanga wanafunzi wengi waliokosa vitanda ndani. Huko kila mwenye ploti hujipangia mtandao wake.

Na ikiwa una mtoto anayejiunga na chuo chochote mwaka huu, usiridhike na alama za simu mkiwa koridoni. Ingia naye chumbani, funga mlango, keti kitandani, kisha mwambie afungue ukurasa.