Mama wa Bibi Harusi Naye Ana Uso

Ukisimama kando ya barabara jijini Mwanza alasiri ya Jumamosi, iwe ni Nyakato, Kirumba au kule Nyegezi, hukosi kuona msafara wa harusi ukipita: magari yamefungwa riboni, na mbele yake gari la wazi limebeba wapiga matarumbeta. Macho ya watu wote humtafuta bibi harusi. Lakini ndani ya gari la tatu au la nne ameketi mwanamke mwingine, wa miaka hamsini na kitu, ambaye kwa miezi mitatu mfululizo ameshughulika na kamati, michango, sare na wapishi, na ambaye katika wiki ya mwisho tu ndipo alipokumbuka kwamba naye atapigwa picha. Makala haya ni yake.

Yafaa kwanza tuelewe ngozi ya mtu mzima ikoje, maana wauzaji wa vipodozi hutuambia mengi na kutuficha yale yanayofaa. Mwanamke anapokoma hedhi, homoni iliyokuwa ikiilinda ngozi yake hupungua ghafula. Zile nyuzi ziitwazo kolajeni, ambazo ndizo huifanya ngozi ijae na kunyooka, nazo hupungua. Wataalamu hukadiria kuwa takriban asilimia 30 yake hupotea katika miaka 5 ya kwanza. Mafuta ya asili hukauka. Ngozi ya kijana hujifanya upya kwa muda wa wiki nne hivi, ilhali ya mtu mzima huhitaji wiki sita au zaidi. Kwa hiyo uso unaoonekana umefifia mara nyingi si uso mchafu wala mbaya. Ni uso uliobeba chembe kuukuu, zilizokauka, ambazo haziwezi tena kurudisha mwanga. Hapo utaona mara moja kwamba anayeahidiwa kung'aa kwa siku tatu anadanganywa.

Zaidi ya umri, lipo jua letu. Mwanza iko takriban nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Upepo wa ziwa hutuburudisha, tukadhani jua ni pole, la hasha. Mwangaza unatoka juu, tena unarudi kutoka majini na kutoka kwenye mchanga. Mwangalie mwanamke anayeanika dagaa ufukweni tangu asubuhi: kichwa kimefungwa kitambaa, lakini uso uko wazi, na jua linampiga kutoka pande mbili. Mwongezee moshi wa kuni wa kubanikia samaki. Ni kweli ngozi nyeusi ina kinga yake, na ndiyo maana makunyanzi hutuchelewa kuliko wanavyowahiwa Wazungu. Sisi jua hutuandika kwa namna nyingine, yaani kwa mabaka meusi mashavuni na kwenye paji la uso.

Mama yangu mdogo ni mmoja wa wanawake hao. Ameuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa dagaa hao amesomesha watoto wanne. Binti yake wa mwisho alipoposwa, nilikwenda kumsalimu na kumpa mchango wangu. Nikamkuta anajipaka kitu cheupe kutoka katika kopo lisilo na karatasi wala jina.

"Shikamoo, mama mdogo. Hicho ni nini?"

"Marahaba, mwanangu. Ni dawa ya kutakatisha. Amenichanganyia mama mmoja wa saluni. Ameniambia wiki mbili zinatosha."

Nilimweleza habari nilizokwisha kuziandika mara kadhaa kuhusu mkorogo. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akanijibu kwa maneno ambayo hadi leo sijapata jibu lake kamili. Alisema: "Wewe unafanya kazi ndani ya ofisi. Mimi uso wangu umeliwa na jua nikiwatafutia watoto. Mama wa bwana harusi ni mwalimu, ana uso laini. Picha itatundikwa ukutani, na wajukuu watauliza: huyu mweusi mwenye mabaka ni nani?"

Msomaji, tusimcheke. Wengi huandika juu ya mkorogo kana kwamba ni upumbavu wa wanawake wasiojipenda. Mama huyu hakutaka kuwa Mzungu. Alitaka kwa siku moja asionekane amechoka mbele ya wakwe.

Nchi hii imekwisha kulishughulikia jambo hili kwa ukali. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ilipiga vita sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na krimu za kujichubua, ikianza rasmi Januari 1969. Magazeti yalijaa barua za kuunga mkono na za kupinga. Nia ya kuiheshimu ngozi ya Mwafrika ilikuwa njema. Lakini vijana wa kiume waliwabughudhi wasichana katika vituo vya mabasi, jambo ambalo halikumponya mtu hata mmoja uso wake. Krimu zenyewe zilibaki, na leo zipo katika kila gulio. Mamlaka ya Chakula na Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ilizipiga marufuku zile zenye sumu, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango. Nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata nazo zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vikome ifikapo mwaka 2025. Hata hivyo kopo lisilo na jina halisomi mikataba.

Ndani ya makopo hayo mna nini? Mara nyingi ni moja kati ya vitu vitatu, au vyote pamoja. Cha kwanza ni zebaki, ile ile ambayo wachimbaji wadogo wa Geita, ng'ambo tu ya ghuba yetu, huitumia kukamatia vumbi la dhahabu. Huzuia ngozi isitengeneze rangi yake, kisha hupenya mwilini na kudhuru figo. Cha pili ni haidrokwinoni. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini walieleza jinsi wanawake walioitumia kwa muda mrefu walivyotokewa na weusi wa kibuluu mashavuni, mzito kuliko ule waliotaka kuuondoa, na usiofutika. Cha tatu ni dawa za jamii ya steroidi, ambazo daktari huzitoa kwa kiasi kidogo kwa ugonjwa maalumu. Mtu akizipaka kiholela, ngozi hupungua unene ikawa kama karatasi, michirizi hutokea, kidonda hukawia kupona, na mpasuaji hupata taabu kuishona. Ngozi ya mwanamke wa miaka hamsini na minne tayari imepungua unene. Zaidi ya hayo mama mdogo ana shinikizo la damu, na dawa hizo zikiingia mwilini kwa wingi huweza kulipandisha.

Habari hiyo ya shinikizo ndiyo iliyomfanya alifunike kopo. Alikuwa amelitumia siku tisa tu. (Aliyetumia kwa miezi au miaka asiache ghafula peke yake, amwone daktari, kwani ngozi huweza kuwaka na kufura.) Zilikuwa zimebaki wiki saba kabla ya harusi, na akaniuliza swali la haki: "Sasa nipake nini?"

Tulianza na kuondoa. Aliacha kunawa uso kwa sabuni ya mche. Ile ni sabuni ya nguo, ina magadi makali, nayo huondoa hata mafuta machache yaliyobaki. Sabuni laini ya kuogea, tena mara moja kwa siku jioni, inamtosha mtu mzima, na asubuhi maji matupu. Aliacha pia kusugua mashavu kwa dodoki na ndimu. Dodoki ni la visigino. Maji ya ndimu yakibaki usoni kisha jua likapiga, huunguza na kuacha baka jeusi, ndilo lile lile alilokuwa akilikimbia.

Kisha mafuta. Watu wengi hujipaka wakiwa wamekwisha kukauka, na hapo ndipo hasara ilipo. Mafuta ya mgando hayaongezi maji katika ngozi. Kazi yake ni kuyazuia yaliyomo yasitoke. Basi jipake dakika mbili tatu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado mbichi, tabaka jembamba. Ukiwa na gliserini, changanya matone machache na maji uipake kwanza. Bibi zetu wa Usukuma walitumia samli, na ngozi haikukataa, ingawa nzi nao hawakukataa. Akina mama wenye asili ya pwani wanayo liwa, inayosagwa juu ya jiwe kwa maji, na singo ya kumsugulia bibi harusi. Ni vitu vizuri na vina harufu ya heshima, ila kwenye uso mkavu singo isuguliwe kwa mkono mwepesi, mara moja kwa wiki. Mtindi uliopakwa kwa dakika kumi kisha ukaoshwa nao hulainisha, kwa sababu asidi yake hulegeza chembe kuukuu polepole.

Lililo kubwa kupita yote ni kivuli. Mama mdogo alinunua kofia pana ya ukili na kuivaa juu ya kitambaa chake pale Mwaloni. Wenzake walimwita mtalii kwa wiki nzima, kisha wawili wakanunua zao. Mwenye uwezo apake krimu ya kukinga jua, kwani mabaka hayafifii kama jua linaendelea kuyapaka rangi kila siku. Yanapofifia huchukua miezi, wala si wiki saba. Nilimweleza hivyo tangu mwanzo. Ikiwa baka halina hisia likiguswa, au doa jeusi limeota kwenye unyayo na linakua, hayo si mambo ya urembo: nenda hospitali.

Wiki mbili za mwisho ni za kukataa mambo mapya. Shangazi atakuja na krimu kutoka Dubai, jirani ataleta mchanganyiko wake; mshukuru na uviweke kabatini. Kila kitu kijaribiwe kwanza kwenye mkono kwa ndani, kisubiriwe siku mbili. Tahadhari kubwa zaidi ni piko, ile rangi nyeusi ya nywele ambayo hupakwa pia mikononi badala ya hina. Dawa iliyomo imekwisha kuwavimbisha watu macho yakafumba. Hina halisi huwa ya rangi ya kahawia inayokaribia wekundu, na haina haraka.

Asubuhi ya harusi mama mdogo aliamka saa kumi, akaoga, akajipaka, akaniachia kazi ya poda. Mpambaji alikuwa amekuja na poda ya rangi moja kwa familia nzima. Nikamwomba atafute iliyo sawa na shingo ya mama, kwa sababu iliyo nyeupe kuliko ngozi hutoa rangi ya majivu mbele ya mwanga wa kamera, na ikiwa nyingi hujikusanya ndani ya mikunjo. Kidogo puani na kwenye paji, mashavu yakaachwa na mng'ao wa mafuta. Wanja mwembamba. Mabaka mawili yalikuwa yanaonekana bado, ya kahawia, yamelainika. Akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu bila kusema, akageuza uso kushoto, kisha kulia, akauliza kama gari la matarumbeta limefika.