Jina Nililolitupa Kwenye Shukrani

Nimeishi kwa kuandika makala za fizikia ya nadharia zinazotegemea uigaji wa kompyuta, na katika mojawapo nilimdhulumu mwanafunzi wangu wa uzamili. Programu yote aliiandika yeye. Makala ikatoka kwa jina langu na la mwenzangu. Yeye tukamtaja kwenye shukrani, kwa "msaada wa kompyuta".

Niliamini nadharia ndiyo fizikia, na kuandika programu ni ufundi tu. Tulikuwa tunaiga modeli ya Ising, yaani sumaku iliyo gridi ya vijisumaku, karibu na halijoto yake ya mpito. Hapo vijisumaku hushikamana katika makundi makubwa, na ukivigeuza kimoja kimoja kompyuta huchukua muda mrefu mno kupata hali mpya kabisa. Yeye ndiye aliyeleta njia ya Wolff ya mwaka 1989, inayogeuza kundi zima kwa mara moja. Majibu yalipotoka mimi nilikuwa tayari kuchapisha. Yeye aliyalinganisha kwanza na hesabu kamili ya Ferdinand na Fisher ya mwaka 1969, inayofaa gridi ndogo kama yetu, akaona nishati imepotoka. Akafuatilia hadi akalikuta kosa kwenye kizalishi cha nambari nasibu. Ferrenberg, Landau na Wong walikuwa wameonya mwaka 1992 kwamba kizalishi kinachosifiwa kinaweza kuharibu majibu kikitumiwa na njia hiyohiyo ya Wolff. Chetu mimi sikuwa nimekipima. Asingekuwa yeye, tungechapisha uongo.

Na darasani nilikuwa nikisimulia kwa uchungu habari za Mary Tsingou wa Los Alamos, aliyeandika programu ya jaribio lililojulikana kwa miongo kadhaa kwa majina ya Fermi, Pasta na Ulam peke yao. Mwanafunzi wangu alikuwa amekaa humo humo, ananisikiliza.

Alipoomba nafasi ya uzamivu aliulizwa makala zake ziko wapi. Hakuwa nayo hata moja. Barua niliyomwandikia ilimsifu kwa bidii na nidhamu. Kosa alilolikamata sikulitaja, maana ningelitaja ningelazimika kueleza kwa nini jina lake halimo.

Nimemwomba radhi, na nimeliandikia jarida jina lake liongezwe, tena litangulie. Mwenzangu anasema yaliyopita yamepita. Lakini makala ile bado inanukuliwa kwa majina yetu mawili, na mimi nilipandishwa cheo kwa ajili yake.