Filamu Niliyoiacha Nje ya Orodha

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Majuto yangu mimi hayakuja kama mjukuu. Yalikuja kama nyanya, tena nyanya mwenyewe hasa, kavaa leso mpya, kashika kikapu cha kusuka, akaniuliza swali moja lililonifanya nitamani ardhi ipasuke inimeze. Nitawasimulia ilivyokuwa bila kuficha, maana mwalimu mlezi wetu husema kwamba katibu anayeficha kumbukumbu si katibu.

Mambo yalianza katika mkutano wa chama chetu muhula wa kwanza. Kila mwaka Siku ya Kiswahili huwa na mashairi, ngonjera, mdahalo, kisha soda na mkate. Mwaka huo mwenyekiti alisimama akasema, "Jamani, mdahalo tumeuchoka. Kila mwaka ni kalamu na upanga, kalamu na upanga! Kwa nini tusifanye tamasha la filamu?" Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Hata wale waliokuwa wakisinzia nyuma waliamka.

Mwalimu mlezi aliwahi kufika Unguja, basi akatueleza habari za Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, lile linalojulikana na wengi kama ZIFF, na ambalo pia limeitwa Tamasha la Nchi za Jahazi. Lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Watu hukusanyika Ngome Kongwe, karibu na Forodhani, wakatazama filamu usiku chini ya anga wazi. Filamu hizo hutoka Afrika na katika nchi ambazo jahazi zilifika kwa pepo za kaskazi na kusi: Uarabuni, Uajemi, Bara Hindi na visiwa vya Bahari ya Hindi. Filamu iliyo bora hutuzwa Jahazi la Dhahabu. Kisha filamu haziishii mjini tu, nyingine zimepelekwa mpaka mashambani ili watu wa huko nao waone.

"Tamasha si kile kitambaa cheupe cha ukutani," mwalimu akasema. "Tamasha ni orodha. Anayeandika orodha ndiye anayeamua nani ataonekana na nani hataonekana."

Niliyasikia maneno hayo nikavimba kichwa, kwani katibu nilikuwa mimi, na orodha ningeiandika mimi.

Tuliunda kamati ya watu watano. Tulikuwa na saa 4 tu, kutoka saa saba mchana hadi saa kumi na moja jioni, kwa sababu wanafunzi wa kutwa hutoka mbali: Mwatate, Ndi, Maungu, na wengine Kaloleni na Mwakingali hapa mjini Voi. Mwalimu alishughulikia ruhusa na nakala za filamu. Kazi yetu ilikuwa kuchagua.

Ya kwanza tuliyokubaliana ni Pumzi, ya Wanuri Kahiu, iliyotoka mwaka 2009. Ni fupi, dakika 20 na kidogo tu. Inaonyesha dunia ya baadaye ambayo maji yamekuwa adimu sana, na msichana mmoja anayeitwa Asha anatoka nje jangwani ili aoteshe mche mmoja. Mtu wa Voi hahitaji kuelezwa filamu hiyo inasema nini. Sisi tunaobeba mitungi tunaijua. Ya pili ilikuwa Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, kuhusu mtoto Jo anayeugua ugonjwa usiopona, na kijiji kizima kinachoungana kumtengenezea filamu ili aonekane shujaa. Hiyo ni dakika 74. Wavulana waliojidai majabali walilia siku ile, lakini majina nayahifadhi.

Ya tatu ndiyo iliyozua ubishi. Mimi niliitaka The Ghost and the Darkness, ya mwaka 1996, ile ya simba wa Tsavo waliokula wafanyakazi wa reli mwaka 1898.

"Hii ni yetu!" nikasema kwa sauti. "Daraja la Tsavo liko hapo juu tu, barabara ya Nairobi. Si tuonyeshe ya kwetu?"

Mwalimu akaniuliza kwa upole, "Ilipigiwa wapi?"

Nikanyamaza. Sehemu kubwa ya filamu ile ilipigiwa Afrika Kusini. Hata simba wake wana manyoya marefu ya shingoni, ilhali wale wawili wa kweli hawakuwa nayo. Ngozi zao ziliuzwa kwa jumba la makumbusho la Chicago, na mpaka leo wamesimamishwa huko. Kwa hiyo simba wetu wako Marekani na filamu yetu ikapigiwa Afrika Kusini. Sisi tumebaki na jina tu.

Mwalimu akaongeza mfano mwingine. Mwaka 1931 ndege ndogo ilianguka hapa Voi, akafa Mwingereza Denys Finch Hatton. Huyo ulimwengu unamjua, maana Robert Redford aliigiza nafasi yake katika Out of Africa mwaka 1985. "Lakini katika ndege ile walikuwa wawili," mwalimu akasema. "Wa pili aliitwa Kamau, mfanyakazi wake. Ni wangapi kati yenu mliowahi kusikia jina lake?" Hakuna aliyeinua mkono.

Pamoja na hayo, kura zilipopigwa filamu ya simba ilipita, maana sote tulitaka kuona watu wakikimbizwa. Ilikula karibu dakika 110. Zilizobaki zilitosha filamu tatu fupi za wanafunzi.

Hapa ndipo penye kidonda. Tulipokea filamu nne, zote zilizopigwa kwa simu wakati wa likizo. Moja ilikuwa yangu. Sitaki kuisifu. Ilihusu majambazi wawili wenye miwani ya jua na bastola ya mbao, wakizungumza Sheng kama watoto wa Eastlands, nami ndiye niliyekuwa mpelelezi. Iliendelea kwa dakika 12 na tuliipiga nyuma ya maduka ya Sofia. Mbili nyingine zilikuwa za wasichana wa Kidato cha Nne. Ya nne ilikuwa ya rafiki yangu tunayemwita Msaghala, kwa vile kwao ni chini ya kilima cha Sagalla. Ilikuwa ya dakika 9. Ilimwonyesha nyanyake akilinda shamba la mahindi usiku ili ndovu wasiingie.

Niliitazama nusu. Giza tupu! Unaona moto, unaona mkono, unasikia debe likigongwa. Nyanya anasema kwa Kisaghala na hakuna maandishi ya tafsiri. Nikachukua kalamu nikaandika pembeni mwa jina lake: "Picha ni giza. Lugha si Kiswahili. Haifai." Wenzangu wa kamati wakanikubalia kwa sababu kengele ya chakula ilikuwa imelia. Hakuna aliyeuliza kwa nini filamu ya katibu ilipita bila kujadiliwa.

Msaghala alipoambiwa, alisema tu, "Sawa." Nami nikadhani neno sawa maana yake ni sawa.

Jumamosi ya tamasha ilifika. Ukumbi ulifurika. Mimi nilikuwa mlangoni nikiwa nimechomekea, orodha mkononi, nikiwaelekeza wazazi. Ndipo nilipomwona Msaghala akija polepole, kamshika mkono bibi mmoja mwembamba. Walikuwa wametembea tangu asubuhi mpaka barabarani, kisha wakapanda matatu.

"Shikamoo nyanya," nikaamkia.

"Marahaba mjukuu wangu. Wewe ndiye mwenye karatasi?"

"Ndiye mimi, nyanya."

"Huyu aliniambia nitaonekana ukutani. Nikasema, tangu nizaliwe sijaonekana popote, leo nitakwenda. Je, mimi ni wa ngapi?"

Nilimtazama Msaghala. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nikaelewa kila kitu: alishindwa kumwambia. Ningemlaumu vipi, ilhali mimi mwenyewe, nilipotakiwa kusema kweli, ulimi ulikauka? Nikasikia sauti yangu ikisema, "Uko mwisho mwisho, nyanya. Karibu, keti mbele."

Uongo mtupu! Nyanya akashukuru, akaingia, akaketi safu ya kwanza, kikapu mapajani.

Msaghala alibaki nyuma kidogo. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Sasa utafanyaje?" Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

Pumzi ikaonyeshwa, sikuiona. Supa Modo ikaonyeshwa, watu wakalia, mimi nikawa natokwa na jasho. Nilitarajia umeme ukatike. Nilitarajia mvua kubwa, ingawa Voi mvua haiji kwa kutarajiwa. Nilitarajia mtu mwingine aamue badala yangu. Simba walipokuwa wakila watu ukutani, nilihesabu dakika tena na tena kama mwanafunzi anayetafuta alama moja ya kupita. Filamu za wale wasichana nisingeweza kuzigusa, ni jasho lao. Ile ya simba watu wote waliisubiri. Ilibaki moja tu, na mwenye nayo alikuwa mimi.

Msinisifu, wasomaji. Nilisitasita mpaka simba wa pili alipokufa. Nilikuwa nimewaambia darasa zima wangeniona nikipiga teke mlango. Mwishowe nikaenda kwenye kompyuta, ambamo filamu ya Msaghala ilikuwa bado imehifadhiwa tangu siku ya kamati. Nikamnong'oneza mwalimu. Alinitazama kwa muda, akasema, "Fanya."

Picha ilipotokea, watu walianza kucheka. "Stima imepotea!" mmoja akapaza sauti. Halafu nyanya wa ukutani akaanza kusema, na wengi hawakumwelewa. Minong'ono ikazidi. Hapo Msaghala akasimama pale mbele, akaanza kutafsiri sentensi kwa sentensi, jinsi DJ Afro anavyosimulia filamu za kigeni vibandani, ila yeye hakuongeza chumvi.

"Anasema usiku ndovu humwoni. Unamsikia. Kwanza matawi, kisha tumbo lake likinguruma."

Ukumbi ukapoa.

"Anasema mwaka ule wa kwanza walikula mahindi yote kwa usiku mmoja. Asubuhi hakulia, alikwenda kuomba mbegu."

Debe likagongwa, kwa! kwa! kwa! Mjini kupiga debe ni kuita abiria wa matatu. Kule nyanya alikuwa akipigia debe karo ya mjukuu wake. Katika lile giza nililolikataa, ghafla tukasikia tawi kubwa likivunjika karibu kabisa na simu, na msichana mmoja nyuma yangu akapiga kelele kuliko alizopiga kwa simba wote wawili. Kumbe giza lile ndilo lililokuwa habari yenyewe. Angewasha taa wapi, na stima hazijafika?

Mwisho wa filamu nyanya alisema maneno ambayo nimeyaandika nyuma ya daftari langu: "Ndovu ana mtoto. Mimi nina wajukuu. Sote tunatafuta chakula." Kisha picha ikakatika, maana betri ya simu ilikuwa imekwisha.

Makofi hayakuja mara moja. Yalipokuja hayakutaka kukoma. Nyanya aliombwa asimame. Aliulizwa na mwanafunzi mmoja kutoka Nairobi kwa nini hahami. Akajibu, na mjukuu akatafsiri, "Nihamie wapi? Hata ndovu wanasema hapa ni kwao." Akaeleza kwamba siku hizi huko Sagalla baadhi ya majirani wamezungushia mashamba yao uzio wa mizinga ya nyuki, kwa sababu ndovu huogopa nyuki, na asali wanauza. Yeye bado anangojea mizinga yake. Kwa sasa ana debe.

Nilipokuwa nikimsindikiza langoni, akaniuliza, "Mjukuu wangu ameniambia nawe ulitengeneza filamu. Mbona sikuiona?"

"Haikupata nafasi, nyanya."

Akasimama akanishika mkono kwa mikono yake miwili, mikavu kama maganda ya mahindi. "Pole sana," akasema. "Nami nilitaka kuiona."

Hayo ndiyo maneno ambayo mimi sikumwambia mjukuu wake siku nilipoikataa kazi yake. Nilimwomba Msaghala msamaha jioni ile ile. Aliniambia "Sawa," na safari hii nilimwangalia usoni kabla ya kuamini.

Tamasha la pili linakuja, na orodha itaandikwa na mwingine. Kwake naacha mambo matatu. Kwanza, filamu itazamwe mpaka mwisho kabla ya kuandikiwa neno. Pili, mwenye filamu asiketi katika kamati inayoichagua. Tatu, isikataliwe filamu kwa sababu imesemwa kwa Kidawida, Kisaghala, Kitaveta au Kikamba. Atafutwe wa kutafsiri. Hiyo ndiyo kazi ya chama cha Kiswahili, kuwasikilizisha watu wasioelewana.

Ama filamu yangu ya majambazi, bado ninayo. Nimeitazama tena juzi. Picha ni angavu, sauti ni safi, na haina mtu hata mmoja ninayemjua.