Baada ya Kutoka kwa Wamormoni

Ndugu zetu walioko Afrika wametuuliza mara nyingi ni nini kilichotusibu hata tukawa wanyonge wa moyo mwaka mzima baada ya kutoka katika dini ya Wamormoni. Kwao jambo hili ni dogo: mtu akiacha kanisa hili huingia lile, wala Jumapili haipiti bure. Twaona vema kulieleza, maana huko nako wako wengi walioipokea dini hiyo. Kitabu cha Mormoni kilitolewa kwa Kiswahili mwaka 2000, na hekalu lao la Nairobi liliwekwa wakfu mwaka 2025.

Kwanza ni haki tuutaje wema tulioupata. Kanisa hilo, ambalo jina lake kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York mwaka 1830. Mwaka 1847 wafuasi wake, wakiongozwa na Brigham Young, walifika katika bonde la Salt Lake, katika nchi iitwayo leo Utah, ndiko tukaako sisi. Askofu wao wa mtaa hapokei mshahara. Yamkini ni seremala au karani, na kazi yake ya kanisa huifanya jioni akiisha rudi kutoka kazini. Kila nyumba huwekewa watu wa kuitazama. Mara moja kwa mwezi waumini hufunga, na thamani ya chakula wasichokula huwapa maskini. Sisi tulipofika bondeni humu, hatujui theluji wala njia ya basi, wao ndio waliotuletea makoti. Alipozaliwa mtoto wetu, chakula kililetwa kwa zamu, na orodha ya zamu iliandikwa na mama ambaye hata sura yake hatukuijua.

Kwa nini basi tulitoka? Hatukukusudia kushindana na mtu katika habari hii. Tutataja neno moja tu. Kwa zaidi ya miaka 100, hata mwaka 1978, wanaume wenye asili ya Afrika nyeusi hawakupewa ukuhani katika kanisa lile. Mwaka 2013 kanisa lenyewe lilichapisha maelezo ya kuzikana sababu zilizokuwa zikitolewa zamani. Wako wenzetu weusi walioyasoma wakaridhika, wakabaki, nao ni watu wema sana. Sisi tuliyasoma, hatukuridhika.

Watu hudhani kwamba atokaye huumizwa na shaka. Sivyo. Shaka hutangulia, mtu akiisha kutoka, hiyo imekwisha kazi yake. Kilichotuuma sisi ni Jumanne na Jumatano, siku ambazo zamani mlango ulibishwa na sasa haubishwi. Wala hatumlaumu mtu. Waliwekwa kuwatazama walio wao, na sisi hatukuwa wao tena. Tena wao hufundisha ya kuwa jamaa zilizounganishwa hekaluni zitakuwa pamoja milele, kwa hiyo aliyetoka huonekana kama pingu iliyokatika katika mnyororo. Shangazi yetu, aliye bado muumini, alitulilia kilio cha matanga nasi tumeketi mbele yake wazima, tukila wali wake. Profesa Pauline Boss wa Minnesota alitoa kitabu mwaka 1999 juu ya huzuni za namna hii, ambazo mtu amepotewa na mwenziwe lakini hapana maiti wala mazishi. Tuliposoma habari zake tulifurahi kama mgonjwa aliyeambiwa jina la ugonjwa wake, ingawa dawa bado.

Dawa ilikuja polepole, na ilikuwa chungu kwa kuwa ilitupasa kuomba. Kule msaada ulikuja wenyewe, kwa orodha. Huku nje hakuna orodha. Mtoto aliposhikwa na homa usiku, na gari letu limeharibika, tulisimama mlangoni pa jirani dakika nyingi kabla ya kubisha. Jirani yule hakutuuliza twaamini nini. Alitafuta viatu vyake.

Wako pia wenzetu waliotoka, nao hukutana majumbani, nyumba hii wiki hii na nyumba ile wiki ijayo. Tulikwenda kwa kusitasita. Mikutano mingine hutafuna hasira tu. Hasira yafaa mwanzoni, kwa kuwa humwinua mtu kitandani, lakini twaona si chakula cha kila siku. Tulipopendezwa ni pale tulipowakuta wazee waliozaliwa Utah ambao hawajapata kupika chai maisha yao yote, maana chai na kahawa zimekatazwa kwao kwa amri iliyotolewa mwaka 1833. Walitia majani katika maji ya vuguvugu, wakanywa, wakakunja uso! Tukaenda jikoni, tukawaonyesha maziwa, tangawizi, iliki, na namna ya kungoja ichemke. Tangu jioni ile tuliitwa kila wiki, na kwa mara ya kwanza tangu kutoka tulikuwa watu wa kutegemewa na wengine.

Wasomaji watuwie radhi, maana gazeti hili latoka katika nyumba ya misheni: msimwendee mtu aliyetoka jana kumwalika kwenu leo. Wengi walitujia hivyo. Mleteeni unga kwanza, mkae naye.

Shangazi hakuacha kutupigia simu kila Jumapili jioni. Habari za hekalu haziguswi. Yeye husema ni nani mgonjwa, nasi huuliza anaendeleaje. Mwezi uliopita alitupigia Alhamisi. Jirani yake bibi mkongwe alitakiwa hospitalini asubuhi, na kwenye orodha ya zamu hakupatikana mtu. Tulimpeleka.