Jina la Aliye Nyuma

Atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro hufika Kibaha baada ya kilomita zipatazo 40. Naye aishikaye njia ya Pugu, akapanda vilima na kuupita msitu, hufika Kisarawe. Sehemu hizi mbili za Mkoa wa Pwani zimekaa begani mwa jiji, karibu kiasi cha kuziona taa zake usiku, na mbali kiasi cha kuchelewa kufikiwa na mengi yaliyomo ndani yake.

Elimu si ngeni katika ardhi hii. Chuo cha Mtakatifu Andrea, kilichokuwa Kiungani, Unguja, kilihamishiwa Minaki, Kisarawe, katika miaka ya 1920. Kibaha nako ulianzishwa mwaka 1963 mradi wa nchi za Nordiki, uliokabidhiwa Serikali ya Tanzania mwaka 1970 na kuitwa Shirika la Elimu Kibaha. Katika miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliichagua Shule ya Sekondari ya Kibaha, pamoja na Seminari ya Wasichana ya Wali-ul-Asr, iwe mahali pa kujaribia mfumo wa kusomea kwa kompyuta. Kisha mwaka 2009 kebo ya SEACOM ilitua Dar es Salaam kutoka baharini, ikafuatwa na EASSy mwaka 2010, na watu wakasema: sasa dunia imefika mlangoni.

Mlangoni ilifika kweli. Lakini toka mlangoni hadi chumba cha ndani kuna hatua zake. Shule ya Pwani aghalabu si jumba moja. Ni mabanda yaliyotawanyika, ofisi hapa, maktaba kule, na baina yake kuna uwanja, miembe na mikorosho. Jani bichi limejaa maji, na maji huyanywa mawimbi ya waifai; mwembe mmoja mnene waweza kukata mawasiliano kama ukuta. Ndiyo maana wengi wameukimbilia mtandao wa meshi: visanduku vinavyopokezana habari hewani, hiki kikimpa kile, mfano wa watu waliojipanga mstari wakipitishiana ndoo za maji hadi kwenye moto. Hakuna kuchimba mtaro wala kupitisha waya juu ya paa. Mwenye simu mkononi hufurahi, kwani popote asimamapo hupata mtandao.

Tatizo ni la yule asiyeweza kusimama popote.

Katika shule moja ya Kisarawe, isiyo haja ya kuitaja, alikuwapo karani wa makamo aliyeitumikia ofisi ile kwa miaka mingi. Kompyuta yake ilikuwa ya mezani, haina waifai, na kando yake printa, nayo ya waya. Vyote viwili vilichomekwa kwenye swichi ndogo, na swichi ikachomekwa mgongoni mwa kisanduku cha meshi kilichotundikwa ukutani. Siku visanduku vya zamani vilipobadilishwa, walimu wote walipata mtandao katika simu zao, ila kompyuta ya karani ilinyamaza. Ulikuwa msimu wa kusajili watahiniwa wa kidato cha nne, na majina yote yalikuwa ndani ya mashine ile.

Ikawa desturi ya wanadamu. Kwanza ilisemwa kebo imeliwa na panya. Kebo ikabadilishwa. Ikasemwa mashine imezeeka. Mwisho, kwa sauti ya chini, ikasemwa kwamba aliyezeeka ni mwenye mashine: amebonyeza asichokijua, maana kama mtandao ungekuwa mbovu, mbona wenzake wote wanao? Hoja hiyo ilionekana nzito. Kompyuta mpya ilikwisha kuulizwa bei, na pamoja nayo lilikwisha kutajwa jina la kijana wa kuja kuiketia.

Fundi aliitwa kutoka Kibaha. Alimkuta karani amekaa mbele ya kioo kisichojibu, mikono mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamekwisha kukuambia kwamba mimi ndiye niliyeiharibu?"

"Wameniambia haifanyi kazi, mama. Hayo mengine bado sijayaona."

Wahenga walisema kamba hukatika pabovu. Kazi ya fundi ni kupatafuta hapo pabovu pasipo kukisia. Taa ya kebo ilikuwa ikiwaka, lakini hakuridhika nayo, kwani taa ile hushuhudia kuwa waya u hai baina ya mashine na kisanduku kilicho jirani tu. Yaliyo mbele ya hapo haiyajui. Akaibeba kompyuta yenyewe hadi ofisi ya mkuu, akaichomeka kwenye kisanduku kikuu, kile kinachopokea mtandao kutoka nje. Ikafunguka papo hapo. Basi mashine ilikuwa nzima, na aliyeitumia hakuwa na hatia. Akachukua kompyuta ya pili, inayofahamika kuwa nzima, akaichomeka mahali pa karani. Nayo ikanyamaza. Basi ugonjwa haukuwa wa mtu wala wa chombo. Ulikuwa wa mahali.

Ndipo akatazama anwani iliyoandikwa katika mashine: ilianza na 169.254. Hiyo ndiyo anwani ambayo kompyuta hujipangia yenyewe baada ya kuita na kukosa wa kuijibu. Mashine ya karani haikuwa bubu. Ilikuwa ikiita tangu siku ya kwanza.

Kwa nini haikujibiwa? Hapa yafaa msomaji asiye fundi avumilie kidogo, kwa kuwa jambo lenyewe ni la majina, na majina ni mali ya kila mtu. Kila kifaa cha mtandao huzaliwa na jina, alama 12 za tarakimu na herufi zilizotiwa kiwandani. Katika waya, bahasha ya habari huandikwa majina mawili: la mpelekewa na la mpeleka. Hewani, kati ya kifaa na kituo chake, huandikwa matatu, kwa kuwa kituo nacho hutajwa. Lakini matatu hayo yana sharti: anayeirusha bahasha huhesabiwa kuwa ndiye mwandishi wake. Hakuna nafasi ya kusema, "Mimi naipeleka, ila aliyeiandika ni yule aliye nyuma yangu." Kwa simu ya mwalimu hilo si neno, kwani simu huandika na kurusha yenyewe. Kwa mashine ya waya iliyojificha nyuma ya kisanduku, ni kuzikwa hai.

Baadhi ya visanduku hutafuta hila. Hulifuta jina la aliye nyuma, huandika jina lao wenyewe, na hupeleka. Ombi la karani la kupangiwa anwani lilitoka hivyo, limevaa nguo ya kisanduku. Ila ndani ya barua, mashine ilikuwa imetaja jina lake la kweli, na mgawa anwani alijibu kwa jina hilo. Kisanduku kikuu kikatazama hewani, hakikumwona yeyote aitwaye hivyo, kikaitupa barua. Na hakuna aliyepewa taarifa.

Wakazi wa visiwani watavutiwa kujua kwamba asili ya mambo haya ni kisiwani. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha ALOHAnet, mtandao wa redio ulioiunganisha kompyuta ya Honolulu na watumiaji wa visiwa vingine, wote wakizungumza katika hewa moja na kurudia neno pale sauti zilipogongana. Mwaka 1973, huko California, Robert Metcalfe aliichukua adabu hiyo ya kungojana na kurudia, akaitengeneza upya na kuitia ndani ya waya, na waya ule akauita Ethernet, kwa kumbukumbu ya etha, ile hewa ya kudhaniwa ambayo wataalamu wa kale waliamini imeujaza ulimwengu. Mwaka 1997 ukatoka mwongozo wa kwanza wa kile kiitwacho leo waifai, na adabu ya mazungumzo ikarudi hewani ilikotoka. Hivyo waya ni mtoto wa hewa. Na ugomvi uliotokea Kisarawe ulikuwa wa ndugu waliosahau kutambulishana.

Dawa yake ilikwisha kupatikana zamani: nafasi ya jina la nne. Majina yakiwa manne, mrushaji na mwandishi hutengana. Bahasha husema nani anaituma, nani anaibeba, nani anaipokea njiani, na nani hasa inamhusu. Mwongozo wa meshi uliopitishwa mwaka 2011 ulikwenda mbali zaidi, ukaruhusu majina 6, mawili yakiwa ya hao walio nje ya meshi kabisa, huku na huko. Fundi alipofungua mipangilio ya kisanduku cha karani, alikuta kimewekwa kama mteja wa kawaida anayerudia sauti, wala si kiungo cha kweli cha meshi. Akabadilisha pande zote mbili, maana upande mmoja ukiandika majina manne na mwenzake akasoma matatu, hawataelewana. Kompyuta ikapata anwani. Printa ikafuata.

Kisha ikatokea la pili, na hili lilitokana na wema. Mwalimu mmoja, kwa kutaka mambo yawe imara, alipitisha kebo nyingine kutoka kisanduku kikuu hadi swichi ya karani. Sasa njia zikawa mbili, ya hewa na ya waya, na shule nzima ikapoteza mtandao. Tangazo lililotoka kwa njia moja lilirudi kwa nyingine, likatoka tena, likarudi tena. Bahasha ya Ethernet haina mahali pa kuhesabia safari zake, basi haichoki wala haifi. Fundi aliichomoa kebo ile, na kimya kikawa mazungumzo tena.

Ugonjwa huo wa mzunguko ulipatiwa tiba ya kudumu mwaka 1985 na Radia Perlman, alipokuwa na kampuni ya Digital Equipment: swichi hushauriana, huchagua mmoja wao kuwa shina, kisha hufunga kila tawi la ziada, ili pabaki njia moja tu baina ya kila wawili. Wapenzi wa ushairi na wafahamu kwamba katika makala yake ya kitaalamu Perlman alitia shairi alilolitunga, "Algorhyme", akieleza mti huo kwa vina. Swichi ndogo za bei nafuu, kama ile ya karani, aghalabu hazina maarifa hayo. Hapo mtu ndiye anayepaswa kuwa mti: kujua njia zote zilizopo, na kuiacha iliyozidi.

Kila aliyewahi kufasiri maneno ya mwingine anaijua hila ya kisanduku kile. Ni rahisi kuyabeba maneno ya aliye nyuma na kuyatoa kwa jina lako. Yatasikika, na pengine utasifiwa. Ila jibu likija halitamfikia mwenyewe, na watu watamwona bubu. Mjumbe hauawi, walisema wazee, kwa sababu jina lililo juu ya ujumbe si lake. Akilifuta jina hilo, anayekufa ni aliyemtuma.

Karani wa Kisarawe alisajili watahiniwa wake kabla ya muda kwisha, akichapa orodha kurasa kwa kurasa na kulisoma kila jina kwa sauti, herufi kwa herufi, kwani jina lililokosewa siku ile hukosewa hadi kwenye cheti. Bei ya kompyuta mpya haikuulizwa tena, wala kijana aliyetajwa hakutajwa tena. Wala hakuna aliyekuja kumwambia mama yule kwamba walimdhania vibaya. Fundi peke yake, kabla ya kupanda gari la kurudi, alibandika karatasi ukutani chini ya kisanduku, akaandika kwa kalamu nzito vifaa vyote vilivyo nyuma yake, na majina yao ya alama 12, kimoja baada ya kingine, ili ajaye baada yake asianze kwa kumlaumu mtu.