Unapanda Wailes, Unashukia Lamu

Tangu shule tunaambiwa tuelewe, tusikariri. Tangu tufiwe, agizo hilo nimeliona lina upungufu mkubwa.

Kaka yangu, tuliyemzika Kinondoni, alikuwa mtu wa kukariri. Alijisomea Kiingereza nyumbani Temeke Wailes kwa vipande vya maboksi ya sabuni: huku neno, huku maana. Alipenda vielezi, hasa vile ambavyo hata Waingereza wamekwisha kuvitupa. Kimoja ni whilom, yaani hapo zamani, na hutamkwa "wailam". Akanitungia ufunguo wa kukishika: unapanda gari Wailes, unashukia Lamu, mji wa kale. Ni wa kale kweli, maana UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Neno halikunitoka tena.

Asili yake nimeitafuta yeye akiwa ameshaondoka. Katika Kiingereza cha kale hwil ni muda, na hwilum ni "nyakati fulani", "mara nyingine". Kumbe mwanzoni lilisema habari za jambo linalokwenda na kurudi, kisha karne kwa karne likabakizwa kwa yaliyokwisha tu. Chaucer alifungua nalo simulizi ya kwanza ya Hadithi za Canterbury, karne ya 14. Wajerumani wana ndugu yake, weiland, na wao waliliweka mbele ya jina la aliyefariki, pale sisi tunapoweka marehemu. Hilo ningempigia simu usiku uleule.

Siku ya hitima, chini ya turubai lililoziba uchochoro wetu, hakuna aliyedaiwa kubuni la kusema. Yasini ilisomwa na watu walioihifadhi tangu chuoni, wengine machozi yakiwatiririka, na ndimi zao hazikukwama. Mimi ningeulizwa nimeelewa nini kuhusu kifo, nisingepata hata sentensi moja. Yaliyokaririwa ndiyo yaliyotubeba, na sitakubali tena yaitwe elimu ya kasuku.

Kinachoniuma ni yale tusiyoyakariri. Akipokea simu alikuwa akilivuta jina langu mwishoni, kwa namna yake. Kwamba alilivuta nakumbuka, ila lilivyosikika silipati. Nimeipekua simu yote. Tulikuwa watu wa kupigiana, hatukuwahi kutumiana ujumbe wa sauti.